Mashua Iliyokataa Kukauka

Kuna watu wanaoweza kuketi wakangoja uji upoe. Mimi nitaunywa ukiwa moto, uniunguze ulimi, kisha nimlaumu aliyeupika. Ndivyo nilivyo mpaka leo, na mke wangu amenisema mpaka amechoka. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kungoja gundi ikauke, mwezi wa saba, Eldoret, baridi ikiwa ile ya kumfanya mtu aende kazini na blanketi begani.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Wazungu. Nilikuwa fundi wa rangi katika karakana ya Kaburu mmoja mzee, sehemu za chini za mji, karibu na reli. Ujanani mwake alikuwa akiunda magari ya kukokotwa na ng'ombe, yale yaliyowaleta Makaburu huku juu pamoja na masufuria yao na Biblia zao. Wakati wangu magari hayo yalikuwa yameanza kuoza nyuma ya maghala. Sisi tulikuwa tukiunda trela na bodi za lori, lakini mzee alifanya kila kitu vile alivyofanya gari la ng'ombe, na ole wako ufanye vingine. Alikuwa mkali, ila ukali wake haukuwa wa kujificha. Mimi na yeye tulipatana kwa sababu sote wawili tulikuwa watu wa kufoka na kusahau.

Siku moja Mwingereza mwenye shamba la ngano kule Kiplombe akatuletea mashua.

Tuliacha kazi sote tukatoka nje kutazama. Eldoret haina ziwa. Ina mto ambao ng'ombe huvuka bila kulowa tumbo. Na mashua yenyewe haikuwa ya mbao. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, ukiigonga kwa kidole inalia kama karai tupu. Mwingereza akatuambia hiyo ni faibaglasi: nyuzi za kioo zimelazwa kama kitambaa, zikanyweshwa gundi, na gundi ikikauka inakuwa ngumu kabisa. Alikuwa akiivuta nyuma ya gari lake, akakata kona vibaya kwenye lango lake mwenyewe, nguzo ikaingia ubavuni mwa mashua. Tundu lilikuwa la kupitisha kichwa cha mtu mzima. Najua kwa sababu mmoja wetu alijaribu, akakaripiwa.

Alitaka iwe tayari kwa mashindano ya mashua kule Kisumu. Alikuja na vifaa vyote: makopo ya gundi, chupa ndogo ya dawa ya kuikaza, rangi nyeupe ya kuchanganya humo, bunda la kile kitambaa cha nyuzi, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Mzee Kaburu aliipokea karatasi hiyo kwa vidole viwili, akaisukuma chini ya kopo la misumari. Kiingereza hakukipenda kukisikia, sembuse kukisoma. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma majina ya rangi tu.

Mwingereza akanigeukia. "Wewe napaka rangi?"

"Ndiyo, Bwana."

"Boti kwisha, lori yangu napeleka Kisumu. Wewe napanda juu, nachunga boti. Sawa?"

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Lori la Kisumu lingeshuka kwa njia ya Kapsabet, na njia hiyo inapita karibu na kwetu, Maragoli. Papo hapo nikamwomba nimpandishe na mke wangu. Akacheka, akasema bibi ruhusa, kuku hapana.

Mke wangu alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Huyu hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alizaliwa tulipokuwa vibarua kwenye shamba la mtu upande wa Ainabkoi. Siku hiyo mimi nilikuwa nimetumwa mbali kupaka rangi ghala, yeye akajifungua peke yake kwenye laini za vibanda vya wafanyakazi. Mtoto aliishi wiki chache, akafa kwa kifua. Tulimzika pembeni mwa shamba, palepale tulipokuwa tumezika kondo lake la nyuma, kwa sababu hatukuwa na pengine. Msimu uliofuata yule tajiri mwenye shamba akaongeza ngano. Tulitoka asubuhi tukakuta trekta limepita, udongo mweusi mtupu, mistari imenyooka vizuri. Mke wangu akatembea juu yake akitafuta mahali. Akarudi, akatembea tena, mpaka nyapara akaja kumfukuza asikanyage.

Hasira ya siku hiyo ninayo mpaka leo. Sikuwahi kumwuliza mtu nifanye nini nayo, kwa sababu hakuna cha kufanya.

Kwetu kondo la mtoto huzikwa nyuma ya nyumba ya bibi yake mzaa baba, kwenye migomba. Mtoto akishazikiwa kondo lake pale, pale ni kwao, hakuna wa kumwambia hama. Kwa hiyo mimba hii ilipoonekana mke wangu aliniambia neno moja tu, na hakulirudia. "Huyu nitamzaa kwa mama yako. Sitazika kitu changu tena kwenye shamba la mtu." Na hakutaka kusafiri bila mimi. Alishajifungua peke yake mara moja, ikatosha. Mimi nami nikiondoka bila ruhusa, kazi imekwenda na chumba kimekwenda. Hivyo ndivyo safari yetu ilivyofungwa kwenye ubavu wa mashua ya mtu.

Niliivamia. Nilikata kingo zilizovunjika mpaka nikafika mahali pazima, nikazipiga msasa zikawa na mteremko ili kitambaa kipate mahali pa kushika. Vumbi la zile nyuzi likaniingia shingoni, kwapani, hadi kwenye kope. Linawasha kuliko upupu. Nyumbani mke wangu alinizuia mlangoni kila jioni, nikavua nguo nyuma ya ukuta na kuoga maji baridi nikitetemeka na kutukana kila aliyewahi kupanda mashua. Yeye alikuwa akicheka. Nilipenda acheke, kwa hiyo nilitukana zaidi.

Sasa kosa tulilofanya ni kosa ambalo watu wa magari ya ng'ombe peke yao wangeweza kulifanya. Rangi ya gari la ng'ombe huchanganywa yote mara moja, kwenye debe moja. Ukichanganya mara mbili, wekundu wa upande huu hautafanana na wekundu wa upande ule, na mwenye gari atalikataa mbele za watu. Mzee alikuwa na msemo wake wa kila siku, "Gari moja, debe moja," na mimi niliuamini kama yeye. Kwa hiyo tulipokuwa tayari, tulimimina makopo yote ya gundi ndani ya debe. Tukatia rangi nyeupe yote. Tukatia na ile dawa ya kukaza, chupa nzima. Nikachukua mti nikakoroga.

Debe likaanza kuwa vuguvugu. Nilifurahi jamani, baridi ile, nikalikumbatia kwa mikono miwili. Mara likawa moto. Nikaliachia. Moshi ukaanza kutoka, harufu yake inakata koo, na ndani mkawa mnalia, pwa, pwa, kama mahindi kwenye kikaango. Mzee akapaza sauti kwa lugha yake na kumwaga ndoo ya maji juu yake. Wapi. Tulipoweza kukaribia tulikuta jiwe jeupe limejaa debe zima, na mti wangu umesimama katikati haung'oki. Hatukuwa tumepaka hata mahali pa ukubwa wa kiganja.

Mwingereza alikuja, akaitoa karatasi chini ya misumari, akasoma. Ilikuwa inasema changanya kidogo, kikombe kimoja kimoja, ukitumie kabla hakijashika, kwa sababu ikiwa nyingi inajichoma yenyewe. Alimwambia mzee maneno ya Kiingereza. Mzee akamjibu kwa Kikaburu. Sidhani kama kuna aliyekosa kumwelewa mwenzake. Gundi nyingine, pamoja na dawa na rangi yake, ingetoka Nairobi kwa treni.

Basi tukangoja treni. Mimi ninasema tukangoja, lakini sikungoja, nilihangaika. Kila mapumziko nilikwenda stesheni kuuliza, mpaka karani wa mizigo akawa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa tu. Nyumbani nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, na chumba chenyewe kilikuwa cha hatua chache.

"Keti," mke wangu aliniambia. "Unanizungusha hata mimi."

"Nimeketi."

"Umeketi wapi? Umesimama."

Mama mkunga aliyekuwa akikaa njia ya Kimumu alikuja kumwangalia. Alimpapasa tumbo, akanawa mikono polepole, akanitazama mimi, si yeye. "Huyu hatachelewa," alisema. "Kama mna safari, ingefaa muwe mmeshakwenda." Mke wangu alisikia, akaendelea kukunja nguo za mtoto. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya jirani. Ilibidi niombe msamaha.

Gundi ilifika. Safari hii tuliichanganya kwenye kikombe cha chai, kidogo kidogo, kama tunampimia mtoto dawa. Niliweka ubao uliopakwa nta upande wa nje, nikalaza kitambaa kwa ndani, nikakinywesha gundi kwa brashi, nikagonga gonga kutoa mapovu ya hewa, nikalaza kingine juu yake. Kazi ilitoka safi. Hata mzee aliinama akaitazama bila kusema kitu, na kwake huko kulikuwa kusifu.

Tatizo ni kwamba haikukauka. Jioni niliibonyeza kwa kidole, inanata. Asubuhi nikaja kabla ya wenzangu, nikabonyeza, inanata. Mchana inanata. Ukungu wa Eldoret ulikuwa umelala juu ya mji hauondoki, na gundi ile ilitaka joto. Wiki ile niligombana na kila mtu. Niligombana na seremala kwa sababu ya mluzi wake, nikagombana na mpishi wa uji. Niliigombeza na mashua yenyewe, kwa sauti, nikiiuliza inangoja nini, inataka mke wangu azalie hapa juu ya vumbi la mbao?

Kumbe mzee alikuwa nyuma yangu.

"Bibi yako lini?" aliuliza.

"Wakati wowote, Bwana."

Alivuta kiko chake. Kisha akaenda kwa mhunzi, akamwambia aache kazi aliyokuwa nayo na apashe matofali moto kwenye tanuru. Tukayafunga magunia, tukayapanga chini ya mashua na ndani yake. Yakipoa tunayatoa, tunaweka mengine. Mzee akarudi kwake akaja na mablanketi yake mwenyewe, mazito ya manyoya, tukaifunika mashua ikawa kama mgonjwa wa malaria. Mchana kutwa tulibeba matofali, yeye pamoja na sisi, mzee yule na mgongo wake mbovu. Kabla ya kufunga karakana niliingiza mkono chini ya blanketi, nikabonyeza. Ilikuwa kavu. Nikaigonga, ikalia sawa na sehemu nzima. Nusura nimkumbatie yule Kaburu, sijui angenifanya nini.

Ikabaki kazi ya nje: kuziba kwa puti, kusugua kwa msasa wa maji, kupaka ile gundi nyeupe, kusugua tena kwa msasa laini zaidi, halafu polishi. Nilitaka kuruka polishi. Nilimwambia mzee kwamba samaki hawatatazama. Akapitisha kiganja ubavuni mwa mashua, akasema, "Bado." Nikasugua mikono ikiniuma. "Bado." Nilimchukia siku hiyo, pamoja na matofali yake. Lakini aliposema "Haya" ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama pale, na lile tundu hungejua lilikuwa wapi.

Tuliondoka asubuhi yake. Mwingereza na mkewe walikuwa wametangulia kwa gari dogo. Mashua ilikaa nyuma ya lori, imelazwa juu ya magunia ya majani makavu, turubai juu. Mzee alikuwa ameacha mablanketi yake ndani ili isikwaruzike. Mke wangu alikaa mbele, katikati yangu na dereva. Dereva alikuwa mtu wa huku juu, Mnandi, mwaminifu wa kanisa, mpole kupita kiasi. Aliendesha lori kana kwamba amebeba mayai. Kila kilima nilikuwa nikikanyaga sakafu kwa mguu wangu kumsaidia mafuta.

"Ndugu, hiyo unayokanyaga si kitu," aliniambia.

Tulipita Kapsabet vizuri. Mbele kidogo mvua ya mchana ikatukuta, ile ya Nandi isiyobisha hodi, na barabara ikawa tope. Kwenye mteremko mmoja gurudumu la nyuma likazama, lori likainama, likakataa. Dereva akazima injini. Katika ukimya ule mke wangu akanishika mkono, akaniminya mpaka nikahisi mifupa.

"Imeanza," alisema.

Dereva akashuka, akakimbia kupanda kilima kwenye nyumba fulani zilizokuwa zinatoa moshi. Mimi nikafungua mlango nitafute mahali. Upande mmoja kulikuwa na uzio wa waya, na ndani yake chai ya Mzungu, mistari mistari, imekatwa sawasawa. Palikuwa na kibanda cha kupimia majani, kina paa, pakavu. Nikamwambia nitambeba nimpeleke pale.

Alitazama kibanda. Akatazama ile mistari. "Sishuki hapa," alisema.

"Mvua inanyesha. Utazalia wapi?"

"Si kwenye shamba la mtu. Nipandishe juu."

Sikuelewa juu ni wapi, mpaka alipoonyesha nyuma kwa kichwa. Nilitaka kubisha. Uchungu mwingine ukamjia, ukapita, na jicho lake halikubadilika. Basi nikampandisha. Nilimsukuma, nikamvuta, nikamwingiza chini ya turubai, nikamlaza ndani ya mashua kwenye mablanketi ya Kaburu. Palikuwa pakavu. Mle ndani mlikuwa mnanuka polishi yangu.

Dereva alirudi na mama mmoja mtu mzima, amejifunika gunia kichwani. Hawakuwa na lugha moja, yeye na mke wangu, lakini alipopanda tu nilisikia sauti zao zikipokezana kama watu wanaojuana. Mimi nilifukuzwa. Nikatembea kwenye tope, kutoka taa za mbele hadi taa za nyuma, na kurudi. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Nilikuwa nikimkumbuka yule wa kwanza na kifua chake.

"Simama kidogo," dereva alisema. "Unazidi kuchimba, na lori limezama tayari."

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa nguvu, hata dereva akavua kofia kwenye mvua. Msichana.

Baada ya muda yule mama akainua turubai. Alikuwa ameshika kondo limefungwa kwenye kitambaa. Akauliza kwa mkono, akionyesha kando ya barabara, pale chini ya waya. Dereva akanieleza kwamba anasema ni vizuri lizikwe mapema. Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani ya mashua.

"Lirudishe hapa."

Yule mama hakujua Kiswahili, lakini alilirudisha.

Jirani zake walikuja na ng'ombe, wakalivuta lori kutoka kwenye tope. Nikaiosha mashua kwa maji ya mvua na shati langu, nikaipangusa vizuri. Tulipofika njia panda ya kwetu jua lilikuwa bado lipo. Nilitakiwa niende na mashua mpaka Kisumu. Dereva akaniangalia, akasema, "Nenda. Haitaanguka. Nitaendesha polepole." Nilimwamini kabisa. Baadaye nilisikia mashua ilielea. Kama ilishinda au haikushinda, sikuuliza.

Mama yangu alitupokea njiani, maana habari huko kwetu hutangulia watu. Alimshika mtoto, akamgeuza geuza, akamrudisha. Kisha akapokea kile kitambaa bila kuambiwa ni nini, akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Kazi hiyo ni ya wanawake. Mimi nilipaswa kukaa mbele ya nyumba na kupokea salamu za wazee. Nilikaa labda muda wa kumeza mate, nikainuka, nikazunguka nikasimama penye kona ya ukuta. Mama aliniona, akaniacha.

Alichimba kwenye migomba. Akaweka, akafukia, akapiga piga udongo kwa kiganja. Mke wangu alikuwa ameketi mlango wa nyuma na mtoto kifuani, anatazama. Nilidhani atalia, au atasinzia kwa uchovu.

"Mama," alisema, "chimba na la mwingine."

Mama akasimama na jembe. Hakuuliza mwingine yupi. Alikuwa mjukuu wake pia, ingawa hakumwona. Akahamia mgomba wa pili, akainua jembe, akalishusha chini bila kuchimba. Nikaenda nikalichukua. Hakuna aliyeniambia kwamba si kazi yangu. Nilichimba shimo la ukubwa uleule, lisilo na kitu cha kuwekwa ndani, nikalifukia, nikalikanyaga vizuri. Kisha mke wangu akalitaja jina la yule wa kwanza, jina ambalo hatukuwa tumelitamka tangu trekta lipite. Alilitaja kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwita mtoto aje kula.